Kupika kwa Utupu

Baba yangu alikuwa katekista wa Mofu, na mimi, binti yake wa pekee, nilikuwa napika spiriti Ifakara. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, unaona mwenyewe kwamba ugomvi ulikuwa njiani. Mimi sikuuona. Nilikuwa msichana niliyetoka shule ya masista juzijuzi, na nilidhani kwamba mtu akifanya kazi halali, watu watasema anafanya kazi halali.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika miaka ile ya hamsini, alikuja Ifakara daktari mmoja wa Kizungu ambaye hakuwa daktari wa kutibu wagonjwa. Yeye alichunguza mizizi. Alipanga nyumba ya bati nje kidogo ya mji, akaijaza chupa, na watu wa pande zote za bonde wakawa wanamletea mizizi na magome ambayo wazee hutumia kwa kikohozi, kwa tumbo na kwa homa. Tuliitwanga mizizi ile kwenye kinu, tukailoweka katika spiriti siku kadhaa, halafu tukaichuja. Tulichopata kilikuwa chekundu kama chai ya rangi. Baada ya hapo ilibidi spiriti itoke, ibaki dawa peke yake chini ya chupa, nzito na ya kunata.

Na ile spiriti iliyotoka hatukuimwaga. Tuliikamata upande wa pili, ikiwa safi kama maji ya kisima, tukaloweka mizizi mingine. Wakati wa masika hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona, maana mapipa ya spiriti yalikuja kwa lori kutoka Dar es Salaam, na mvua zikishashika, barabara haikupitika tena mpaka kiangazi. Tulichokuwa nacho ndicho hichohicho. Kikipotea, tunafunga mlango na kila mtu anarudi kwao kulima mpunga.

Sasa, mizizi ile haikutaka moto. Ukiichemsha kwa nguvu, dawa iliyomo inaharibika. Na spiriti nayo haitaki kuona moto kwa macho yake, itakulipukia. Kwa hiyo tulikuwa na mtambo. Kulikuwa na chupa kubwa ya mviringo yenye shingo, imekaa ndani ya karai la maji ya moto yaliyochemshwa nje, mbali kabisa. Kutoka shingoni ulitoka mrija wa kioo uliojisokota, unaopozwa na maji ya mtungi, na mwisho wa mrija kulikuwa na chupa ya kupokelea. Halafu mpira mnene ulikwenda hadi kwenye pampu ya chuma yenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Pampu hiyo haikusukuma hewa kama ya baiskeli. Ilivuta. Ilifyonza hewa yote iliyokuwa ndani ya chupa na kuitupa nje.

Na hapa ndipo palipo na uzuri wake, ambao hata leo nikiusimulia nasisimka. Chupa ikishaondolewa hewa, spiriti inachemka ikiwa vuguvugu tu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Inatoa mapovu, inarukaruka, mvuke unapanda, na mkono wako uko juu ya chupa na huungui. Mara ya kwanza kuona jambo hilo niliogopa, nikadhani kioo kitapasuka. Mara ya pili niliangalia. Tangu mara ya tatu sikutaka mtu mwingine akalie kile kigoda mbele ya chupa ila mimi.

Nilipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Nasema hivyo wazi kwa sababu wakati ule sikuthubutu kusema. Msichana alitegemewa kupenda kanisa, watoto na shamba, na mimi nilikuwa napenda kusikia tone la kwanza likidondoka upande wa pili.

Tulikuwa watu watatu katika nyumba ile: daktari, mimi, na bwana mmoja mtu mzima wa Kivukoni aliyezungusha pampu. Bwana wa pampu hakuwa msemaji. Daktari ndiye alikuwa msemaji, na balaa lote lilianzia hapo.

Kiswahili chake alikuwa amekitoa kwenye kamusi, na alikipenda mno. Alikuwa mtu wa kumsimamisha mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani na kumwambia, "Natumaini usingizi wako ulikuwa mwema." Neno jipya akilipata, alitembea nalo siku nzima akilitia kila mahali, kama mtoto mwenye kiatu kipya. Sikumcheka sana, maana kwa Kijerumani chake mimi sikujua hata kusalimia.

Jumatatu ya Pasaka aliamua kufungua nyumba ili watu waione. Waliomletea mizizi walikuwa wameuliza mara nyingi inakokwenda, na yeye aliona wana haki ya kujua. Wakaja wengi kuliko alivyotegemea, wanawake kwa wanaume, bado wamevaa nguo za sikukuu. Wakajipanga ukutani kwa adabu. Daktari akasimama kando ya chupa kubwa, akakunja mikono nyuma, akaanza.

"Ndugu zangu, akina mama nyumbani hupika kwa moto. Sisi hapa hatupiki kwa moto. Sisi tunapika kwa utupu."

Watu wakatazamana.

"Utupu ndio siri ya kazi yetu," akaendelea, amefurahi. "Bila utupu, dawa inaharibika. Mimi nikiwepo au nisipokuwepo, binti huyu kila asubuhi anaanza na utupu. Mwanzoni aliogopa. Sasa amezoea. Na bwana huyu anamsaidia."

Bwana wa pampu alitazama dari. Mama mmoja mbele yangu alijifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanacheza. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, lakini pia nilikuwa nimebana kicheko mpaka mbavu zinauma, maana kama palikuwa na mwanamke aliyevaa nguo nyingi kupita wote Ifakara siku ile, alikuwa ni mimi. Nilikuwa ndani ya koti jeupe la daktari lililoburuza mpaka visiginoni, vifungo vimefungwa hadi shingoni.

Watu walipoondoka nilimwendea. "Bwana," nikamwambia, "lile neno. Utupu ni uchi."

Masikio yake yakawa mekundu papo hapo. Akaleta kamusi, akafunua, akaniwekea kidole. "Tazama. Utupu, hali ya kuwa tupu. Chupa ni tupu. Hewa hakuna."

"Ndiyo, Bwana. Na mtu akiwa tupu?"

Akafikiri. "Hana kitu ndani?"

"Hana kitu nje."

Alikaa chini. Kisha akauliza swali la haki kabisa: basi aseme neno gani? Na hapo nikakwama. Nilijua chupa iliyokosa maji, iliyokosa mafuta, iliyokosa uji. Chupa iliyokosa hewa sikuwahi kusikia mtu akiitaja, kwa sababu nani kabla yetu alikuwa na chupa ya namna hiyo? Tulijaribu maneno mchana kutwa, bwana wa pampu naye akachangia moja ambalo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Tukacheka, tukaacha. Nilidhani yameisha.

Maneno hayakuisha. Yalipanda mtumbwi.

Mofu iko upande wa juu wa mto, na wakati wa mafuriko njia ilikuwa maji. Watu walishuka na mitumbwi kuleta samaki wakavu Ifakara, wakarudi na chumvi, sabuni na habari. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na alikuwa na ulimi ambao hata wavuvi waliuogopa. Siku moja nikamwona amesimama nje ya nyumba ya daktari na tenga lake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Hebu simama nikuone." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, polepole. "Leo umevaa."

"Shangazi!"

"Nauliza tu. Mofu tumesikia vingine." Akatua tenga. "Waliotoka hapa walisema mnapika spiriti. Kufika Kivukoni ikawa mnapika moshi. Kufika kwetu ikawa mnapika moshi utupu, wewe na Mzungu. Juzi mtu ameongeza kwamba mko watatu."

Moshi ndiyo pombe kali ile ya kupikwa kwa siri porini, na serikali ilikuwa inafunga watu kwa ajili yake. Kwa hiyo mtoto wa katekista alikuwa mhalifu, tena bila nguo. Nikapandwa na hasira. Nina hasira za karibu. Shangazi husema nilizaliwa nimekunja ngumi.

"Na Baba amesemaje?" nikauliza.

Hapo Shangazi aliacha utani. "Baba yako hakufoka. Jumapili hakusimama mbele. Alikaa benchi la nyuma, akamwachia mwalimu wa shule aongoze sala. Anasema mtu ambaye nyumba yake inasemwa hawezi kuwafundisha wengine." Akashusha pumzi. "Amesema ufunge sanduku, urudi nami. Kazi basi."

Kazi basi. Nilihisi kama mtu amefungua mpira wa pampu na hewa yote imenirudia kwa kishindo. Niliwaza ile chupa, kigoda changu, tone la kwanza. Niliwaza pia kwamba nikirudi sasa, nitakuwa nimekiri. Nitakaa Mofu maisha yangu yote nikiwa yule msichana aliyepika utupu, na hakuna atakayeniuliza kilichokuwa ndani ya chupa.

"Mwambie Baba," nikasema, "kama ananitaka, aje anichukue mwenyewe."

Shangazi alinitazama kana kwamba nimetukana. Watoto wa siku zile hawakuwatumia baba zao maneno ya namna hiyo. Lakini aliondoka nayo, na namjua, aliyafikisha yakiwa na chumvi na pilipili yake.

Siku zilizofuata nilifanya kazi moyo ukiwa juujuu. Daktari nilimweleza. Alihuzunika sana, akataka kupanda mtumbwi aende Mofu akaeleze maana ya neno. Nilimsihi asiende. Mtu yule akieleza mara moja tu zaidi, nilijiambia kimoyomoyo, mimi nitaozeshwa mbali kusikofika barua.

Baba alikuja siku ambayo sikuitegemea, na kwa bahati mbaya, siku mbaya kuliko zote. Daktari alikuwa amekwenda kijiji cha Mbingu kutafuta magome. Mimi na bwana wa pampu tulikuwa tumeanza chupa kubwa asubuhi, iliyojaa karibu spiriti yote tuliyokuwa nayo, na ikafika nusu. Ndipo homa ikamkamata bwana wa pampu. Meno yaligongana hadi akashindwa kushika gurudumu. Nilimfunika gunia, nikamwambia aende nyumbani akalale, nikabaki peke yangu nikizungusha kwa mkono mmoja na kuchungulia chupa kwa jicho moja. Haikuwezekana. Ukizungusha huwezi kulinda, na ukilinda huwezi kuzungusha.

Nikainua macho nikamwona Baba uani, chini ya mwavuli, amevaa koti lake la kanisani. Suruali ilikuwa imelowa matope hadi magotini. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mabega ya mkulima na sura ya mtu anayesoma Injili hata akiwa anakula. Sikuwahi kumwona akicheka mbele ya watu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Mvua ikapiga mwavuli. "Sanduku liko wapi?"

"Baba, karibu ndani."

"Nimeuliza sanduku."

"Chupa iko nusu, Baba," nikasema bila kuacha gurudumu. "Nikiiacha sasa, dawa ya watu inaharibika. Na spiriti iliyobaki ndiyo yote. Nitakuja nawe. Naapa nitakuja. Lakini niache niimalize."

Kulikuwa na kitu kimoja nilichokijua kwa baba yangu. Hakuweza kuona kazi iliyoachwa nusu. Mtu akiacha mpunga kwenye kinu, yeye ataumaliza hata kama si wake. Nikaona anatazama kwa jicho la pembeni ule mtambo, mirija, karai linalotoa mvuke.

"Nani anakusaidia?" akauliza.

"Ameugua. Amekwenda kulala."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sina mtu, Baba."

Akafunga mwavuli, akaukung'uta, akaingia. Akavua koti, akalikunja, akalitundika kwenye msumari. "Nionyeshe," akasema.

Nikamwonyesha. Akashika gurudumu kwa mikono yote miwili na kuanza kulizungusha kama anayevuta maji kutoka kisima kirefu. Pampu ile ilikuwa kuukuu, na mafuta yake yalimrukia mtu akizungusha kwa nguvu. Tone la kwanza lilimpata kifuani, kwenye shati lake jeupe la Jumapili, ambalo ndilo la pekee alilokuwa nalo. Akaacha, akalitazama doa, akanitazama mimi. Kisha akavua shati, akalikunja vilevile kwa utaratibu, akaliweka juu ya koti. Akabaki na suruali na rozari shingoni. Akashika tena gurudumu.

Nikakaa kwenye kigoda changu. Mshale wa kipimo cha pampu ulishuka haraka kuliko nilivyowahi kuuona, na chupa ikaamka. Mapovu yakaanza chini, yakapanda, yakajaa, yakaanza kuingia shingoni. Mapovu yakipita shingo, uchafu wa mizizi unaingia kwenye spiriti safi na kazi yote ni bure.

"Baba, punguza!"

Hakusikia, alikuwa anavuta.

"Baba! Nimesema punguza! Acha! Acha kabisa!"

Sikuwahi kumpigia kelele baba yangu, wala sikujua kwamba ninaweza. Aliacha papo hapo. Nikafungua kidogo kijibomba cha kuingizia hewa, mapovu yakasita, yakashuka. Nikafunga. "Sasa taratibu," nikamwambia. "Hivyohivyo. Usiongeze mpaka nikuambie."

"Sawa," akasema baba yangu.

Tukaenda hivyo kwa muda mrefu, mimi nikitoa amri na yeye akitii. Nilibadilisha maji ya mtungi yalipopata moto. Upande wa pili matone yakawa yanaanguka, yakafuatana, yakawa uzi. Baadaye nikamwita.

"Njoo uweke mkono hapa, Baba. Kwenye chupa. Usiogope."

Alitazama yale mapovu yanavyochemka, akasita, kama mtu yeyote mwenye akili angesita. Kisha akaweka kiganja chake chote. Nikamwona anasubiri kuungua. Akasubiri. Mkono ukabaki.

"Inachemka," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Na haiunguzi."

"Kwa sababu haina hewa. Ile pampu imetoa hewa yote. Daktari alitaka kuwaambia watu jambo hilo, akakosa neno. Akasema tunapika kwa utupu. Utupu wa chupa, Baba. Basi. Hakuna kingine kilichowahi kutokea katika nyumba hii."

Mkono wake bado ulikuwa juu ya chupa. Alikuwa anafikiri, na jasho linamtiririka kifuani hadi kwenye mshipi. Ndipo tukasikia sauti dirishani.

"Kaka! Hata wewe?"

Alikuwa Shangazi. Walikuwa wamekuja pamoja, yeye akapitia sokoni kuuza samaki, na sasa alikuwa amechungulia kutoka kwenye mvua na kumwona katekista wa Mofu hana shati, amekumbatia chupa ya Mzungu. Alijifunika mdomo kwa mkono mmoja. Macho yake tayari yalikuwa yanasimulia.

Baba alijitazama. Alitazama tumbo lake, rozari yake, mafuta meusi mikononi. Halafu kitu kikamtoka ambacho mwanzoni nilidhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akakaa sakafuni, Shangazi akacheka kule nje mvua ikimnyeshea, na mimi nikacheka huku nalia, nikiendelea kulinda chupa.

Tuliimaliza. Dawa ilibaki chini nzito na nzuri, na spiriti ilirudi karibu yote. Niliziba chupa, nikaosha mirija, nikajiambia moyoni: yamekwisha, ameona kwa macho yake, nabaki.

Baba alinawa mikono, akavaa shati, akafunga kifungo kimoja kimoja, akavaa koti. Uso wake ulikuwa umerudi ule wa siku zote.

"Sanduku," akasema.

Nilimtazama. Hakueleza. Na mimi nilikuwa nimeapa. Nikafunga sanduku langu, nikamwachia bwana wa pampu ujumbe kwa mke wake, nikatoka bila kugeuka nyuma, kwa sababu ningegeuka nisingeweza kuondoka.

Safari ya kupandisha mto ilikuwa ndefu, watu wanasukuma mtumbwi kwa upondo dhidi ya maji, na tulilala njiani. Sikusema neno na baba yangu. Nilikuwa na hasira naye kuliko nilivyokuwa na watu wote waliosema. Wao hawakuona chupa. Yeye aliona, aliweka mkono, alicheka, na bado ananirudisha. Shangazi alijaribu kunichokoza mara mbili, akaona macho yangu, akaacha.

Mara moja tu, maji yakiwa yametulia, Baba aligeuka akaniuliza, "Ile hewa mnayoitoa, inakwenda wapi?"

"Nje," nikajibu.

"Haipotei?"

"Haipotei."

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kutazama matete. Nilidhani anatafuta tu cha kuongea.

Jumapili asubuhi akaniambia nivae vizuri. Kanisa la Mofu lilikuwa la udongo na nyasi, wanawake wanakaa kushoto, wanaume kulia. Nilipoingia, minong'ono ilipita kama upepo kwenye mpunga. Nikakaa kando ya Shangazi, nikakaza macho kwenye msalaba. Nikamtafuta Baba kwenye benchi la nyuma. Hakuwepo. Alikuwa mbele.

Aliongoza sala kama kawaida, kwa sauti ileile nzito. Alisoma Injili. Alipomaliza, alifunga kitabu, akakiweka mezani, akasimama mikono ikiwa imelegea kando, kama hajui aiweke wapi.

"Mmesikia kwamba binti yangu anapika utupu kule Ifakara," akasema.

Mimi niliinamisha kichwa. Nilidhani anataka niombe msamaha mbele ya watu wote, na nilikuwa tayari kusimama nikatoka.

"Nilikwenda kutazama mwenyewe. Nilimkuta amevaa koti jeupe, limefungwa vifungo mpaka hapa." Akagusa koo lake. "Kazi anayofanya ni ya dawa, ni kazi safi, na anaijua. Hakuna aliyevua nguo katika nyumba ile." Akajiwekea mkono kifuani. "Isipokuwa mimi."

Kichwa changu kikainuka chenyewe.

"Nilivua koti. Nikavua na shati. Nikabaki na suruali na rozari, nikapika pamoja naye mpaka chupa ikaisha. Dada yangu yuko pale, ni shahidi."

"Nilimwona!" Shangazi akapaza sauti, amesimama wima. "Nilimwona kwa macho yangu mawili, na tumbo lote nje!"

Kwanza alicheka mtu mmoja nyuma. Halafu mwingine. Halafu kanisa zima likacheka, wazee, watoto, mwalimu wa shule, wanawake wakipigana mabega, na yule mtu mkubwa akasimama mbele yao, amevaa koti lake juu ya shati lenye doa la mafuta, akawaacha wacheke. Hakutabasamu. Alingoja. Nikaelewa jambo hilo lilimgharimu kiasi gani. Heshima ile aliijenga miaka na miaka, hakuwa na mali nyingine, na alikuwa anaigawa bure kama njugu.

Walipotulia akasema, "Najua maneno hayapotei. Kwa hiyo mkitaka kusema, semeni habari zangu. Mtu aliyepika utupu ni katekista wenu. Binti yangu kesho anarudi kazini, na nitampeleka mwenyewe."

Akafungua kitabu. "Tuimbe," akasema.

Sikuweza kuimba. Nililia wazi, bila kujifunika, na Shangazi akanishika mkono akaubana hadi vidole vikaniuma.

Nilifanya kazi ile miaka mingi, kwa daktari yule na kwa waliomfuata, na mitambo mizuri zaidi ilikuja. Habari zangu hazikusemwa tena Mofu. Walikuwa wamepata nzuri zaidi. Watoto wa kijiji walianza kumwita Baba "Bwana Utupu", kwanza kwa kujificha nyuma ya miti, baadaye waziwazi, na watu wazima wakafuata, hadi wavuvi wakawa wanampigia kelele kutoka katikati ya mto. Walimwita hivyo mpaka uzeeni. Na kila walipomwita, aliitika.